Kipele si mkwaruzo: Tuziite dosari kwa majina yake

Majuzi nilikwenda kuchukua gari la umeme nililokuwa nimelisubiri kwa miezi kadhaa. Kwa mtu anayekaribia kustaafu, pesa hizo si haba. Marafiki walikuwa wameniusia nikague betri na waya wa kuchajia. Hakuna aliyenitajia rangi.

Nilipolizunguka gari juani, niliona mambo matatu. Juu ya boneti palikuwa na kivimbe kidogo, kama chembe ya mchanga iliyofunikwa na rangi. Chini ya kioo cha pembeni, rangi ilikuwa imeteremka ikagandia njiani. Mlango wa nyuma ulikuwa na alama nyembamba yenye urefu wa kidole.

"Prof, hizo ni kasoro ndogo tu," kijana aliyenihudumia akasema. "Zitatoka na polishi. Weka sahihi hapa." Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na tayari alikuwa ameijaza kwa maneno mawili yenye maana hiyo hiyo: kasoro ndogo. Nikaweka kalamu chini.

Mpenzi msomaji, kasoro ni neno pana. Asili yake ni Kiarabu na maana yake ya msingi ni upungufu. Ndiyo maana tunasema saa tatu kasorobo, yaani saa tatu ikipungua robo. Ukiandika "kasoro" umesema kuna kilichopungua. Hujasema ni nini, wala kimesababishwa na nini. Dosari na ila pia ni maneno ya jumla. Hitilafu nayo huelekea zaidi kwenye utendakazi: hitilafu ya umeme, hitilafu ya mitambo. Gari langu halikuwa na hitilafu, kwani lilikwenda vizuri.

Sasa tutazame maneno mahususi. Kivimbe cha boneti ni kipele, neno tuliloliazima kutoka kwa ngozi ya mwili. Hutokea vumbi linaponaswa na rangi ambayo haijakauka. Rangi iliyoteremka ni mchirizi: ilipulizwa nyingi mno mahali pamoja ikachuruzika. Vyote viwili huzaliwa wakati wa kupaka rangi, ama kiwandani ama katika karakana iliyolirudia gari kabla ya mnunuzi kuliona. Alama ya mlangoni ni mkwaruzo, na huo huja rangi ikiwa imekwisha kukauka: melini, juu ya lori, au mtu anapolipangusa gari kwa kitambaa chenye mchanga. Kipande cha rangi kingetoka, ningesema imebambuka. Bati lingeingia ndani, ningesema limebonyea.

Je, huu ni ubishi wa mwalimu wa lugha tu? La hasha! Kila jina hutaja chanzo, na chanzo hutaja wa kulipa. Pia hutaja tiba. Kwa kawaida rangi ya gari huwa na matabaka kadhaa: la kuzuia kutu, la msingi, la rangi yenyewe na la juu lililo angavu. Yote kwa pamoja hayazidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Polishi hufanya kazi kwa kulipunguza tabaka la juu. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: usipokwama, huenda polishi ikatosha; ukikwama, mkwaruzo ni wa kina na huenda mlango ukahitaji kupakwa upya. Wangu ulikwama.

Sheria nayo ina neno. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa. Lakini chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mnunuzi akimjulisha muuzaji kwamba ameikubali bidhaa, huhesabiwa kuwa ameikubali. Sahihi yangu chini ya "kasoro ndogo" ingekuwa ushahidi dhidi yangu.

Nikaomba nafasi niandike mwenyewe: kipele kimoja juu ya boneti, mchirizi mmoja chini ya kioo cha kushoto, mkwaruzo mmoja, unaokwamisha ukucha, mlango wa nyuma kulia.

"Kwa Kiswahili, Prof?" kijana akauliza.

"Kwa Kiswahili, kijana wangu. Kifungu cha 7 kinasema ni lugha rasmi."

Akamwita mkubwa wake. Tulizungumza kwa zaidi ya saa moja, kisha wote wawili wakatia sahihi chini ya maneno yangu. Kipele na mchirizi vimekwisha kusawazishwa. Mkwaruzo ungalipo, nasubiri zamu ya karakana. Hata hivyo umeandikwa kwa jina lake, na gharama yake si yangu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema ufa, hawakusema kasoro ndogo.