Umri wa Mbao za Kenchi

Mbao nyingi za msindano zitokazo Mufindi na Njombe hupasuliwa shambani kwa mashine ndogo za kuhamishika, zijulikanazo kama "dingidongi". Mashine hizo humudu hata miti ya miaka 10 hivi, ambayo mwenye shamba mwenye shida ya fedha haachi kuiuza. Mbao zake ni dhaifu na, zikaukapo, hupinda na kujinyonga. Nalo paa hufuata.

Mnunuzi asitazame rangi, bali ncha ya ubao ilipokatwa. Pete za ukuaji zilizo chache na pana, zikizunguka kiini cha mti ndani ya ubao huohuo, ni dalili ya uchanga. Dawa ya kijani hukinga mchwa, lakini haiukomazi ubao. Mbao mbichi zipangwe kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti, hadi zikauke ndipo zipigiliwe.