Ushuru wa mashine za kufulia nguo: Ni nani aliyelipa?

Serikali inapotoza ushuru bidhaa kutoka nje, wengi hudhani kwamba mzigo wote humwangukia mtengenezaji wa kigeni. Mzozo wa mashine za kufulia nguo nchini Marekani wathibitisha kuwa sivyo.

Mwaka wa 2011, kampuni ya Whirlpool ya Marekani ililalamika kwamba Samsung na LG za Korea Kusini ziliuza mashine hizo kwa bei ya chini isiyo ya haki. Mnamo 2013, Marekani ikatoza ushuru mashine zilizotoka Korea Kusini na Mexico. Kampuni hizo zikahamishia kazi nchini China. China ilipowekewa ushuru mwaka wa 2017, zikaelekea Thailand na Vietnam.

Ili kukomesha mchezo huo wa paka na panya, Rais Donald Trump aliidhinisha ushuru uliolenga mashine kutoka nchi nyingi kwa pamoja. Kuanzia Februari 7, 2018, mashine milioni 1.2 za kwanza kuingizwa katika mwaka huo zilitozwa asilimia 20, na zilizozidi hapo asilimia 50.

Watafiti waliochunguza matokeo waligundua kuwa bei ilipanda kwa takriban asilimia 12. Hata mashine za kukaushia nguo, ambazo hazikuguswa na ushuru huo, zilipanda bei. Sababu ni kwamba aghalabu hununuliwa pamoja na za kufulia, hivyo wauzaji waligawanya nyongeza hiyo kwa zote mbili.

Faida haikukosekana. Viwanda vilivyo Marekani vilipata takriban nafasi 1,800 za kazi. Hata hivyo, kwa makadirio ya watafiti hao, wanunuzi waligharimika takriban dola bilioni 1.5 kwa mwaka, yaani zaidi ya dola 800,000 kwa kila nafasi.

Korea Kusini iliwasilisha malalamiko kwa Shirika la Biashara Duniani, na Februari 2022 jopo likaamua kuwa Marekani ilikiuka kanuni. Ushuru huo ulikoma Februari 2023.

Suala hili lahusu pia Afrika Mashariki, ambako Kenya na majirani wake walianza mwaka wa 2005 kutoza ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje. Kulinda viwanda ni lengo jema, lakini asiyekuwapo na lake halipo: viwanda na serikali vinapojadiliana, mnunuzi hayumo chumbani, ilhali gharama humfuata dukani.