Njia za biashara za Benaco na bonde la Rusumo

Benaco ni mji mdogo katika kata ya Kasulo, Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Uko kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi. Kutoka Benaco hadi mpaka wa Rusumo ni karibu kilomita 20. Jina Benaco si la Kihangaza wala la Kishubi, lugha za wenyeji wa Ngara. Lilitokana na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake mahali hapo.

Jiografia

Ngara ni wilaya ya vilima na mabonde. Mto Ruvubu, unaotoka Burundi, unaungana na mto Kagera (ambao sehemu ya juu huitwa Nyabarongo) karibu na maporomoko ya Rusumo. Maporomoko hayo yana kimo cha mita 15 hivi na upana wa mita 40 hivi. Kutoka hapo Kagera unaelekea kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, na mwishoni unamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria.

Sehemu kubwa ya bonde la Kagera ina mabwawa na mafunjo, na ni vigumu kujenga njia humo. Pale Rusumo mto unabanwa na miamba, hivyo ni rahisi kuuvuka. Ndiyo sababu wasafiri na wafanyabiashara wamepita hapo tangu zamani. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda kwa kuvuka Kagera katika eneo hilo.

Barabara kuu

Barabara inayopita Benaco ni sehemu ya Ushoroba wa Kati, yaani njia inayounganisha bandari ya Dar es Salaam na nchi zisizo na bahari. Inapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi na Lusahunga. Kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi Rusumo ni takriban kilomita 92. Katika kipande hiki, eneo la Nyakasanza, njia inagawanyika: moja inakwenda Rusumo na Rwanda, nyingine inapita mji wa Ngara hadi Kabanga, mkabala na Kobero ya Burundi. Barabara nyingine inaelekea kaskazini hadi Karagwe.

Umbali unaeleza kwa nini njia hii ina thamani kwa Rwanda. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni takriban kilomita 1,500, wakati kutoka Mombasa kupitia Uganda ni takriban kilomita 1,700. Malori yanayokwenda bara hubeba mafuta, vifaa vya ujenzi, magari na bidhaa za viwandani. Yanaporudi pwani hubeba kahawa, chai na madini, lakini mengi hurudi matupu, na hali hiyo huongeza gharama za usafirishaji.

Mwaka 2006 Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda, Tanzania na Uganda ziliunda wakala wa kusimamia Ushoroba wa Kati, wenye makao makuu Dar es Salaam. Mwaka 2007 Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Wakimbizi wa mwaka 1994

Barabara inayopitisha mizigo ndiyo iliyopitisha pia watu waliokimbia vita na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Miili ya waliouawa ilionekana ikibebwa na maji kwenye maporomoko ya Rusumo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka daraja kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilisema halijawahi kuona watu wengi hivyo wakikimbia kwa kasi hiyo.

Wengi waliwekwa katika kambi ya Benaco. Kwa siku chache tu, mahali palipokuwa na wakazi wachache palikuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati huo. Kulikuwa na barabara ya lami iliyowezesha malori kuleta chakula, mahema na dawa. Hata hivyo, miti ilikatwa kwa ajili ya kuni na vibanda, na vyanzo vya maji vililemewa. Baadaye kambi nyingine zilifunguliwa, zikiwemo Lumasi na Lukole. Mnamo Desemba 1996 serikali ya Tanzania iliamua kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao, na mamia ya maelfu walivuka tena Rusumo kwa miguu.

Miaka iliyofuata, ujambazi wa kutumia silaha ulitia hofu kwenye barabara za Ngara na Biharamulo. Mabasi yalisafiri kwa msafara yakisindikizwa na askari katika sehemu za misitu.

Daraja na kituo cha mpakani

Daraja la zamani la Rusumo, lililojengwa miaka ya 1970, lilikuwa na njia moja tu, kwa hiyo malori yalisubiriana kuvuka. Daraja jipya lina njia mbili na urefu wa mita 80. Lilijengwa kwa msaada wa Japani pamoja na kituo cha kutoa huduma kwa pamoja mpakani, na vilizinduliwa tarehe 6 Aprili 2016 na marais John Magufuli na Paul Kagame.

Zamani msafiri alikaguliwa mara mbili, kila upande wa mto. Katika kituo cha pamoja maofisa wa uhamiaji na forodha wa nchi zote mbili hukaa jengo moja, naye hukamilisha taratibu zote upande wa nchi anayoingia. Vilevile, chini ya mfumo wa himaya moja ya forodha, kodi ya mizigo ya Rwanda inaweza kushughulikiwa mapema, kabla mizigo haijaondoka Dar es Salaam.

Idadi ya mizani kwa malori yanayokwenda nje ya nchi ilipunguzwa pia, yakabaki mizani ya Vigwaza, Njuki na Nyakahura. Nyakahura iko Biharamulo, kabla ya kufika Benaco.

Umeme

Chini ya maporomoko umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, unaomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania. Kila nchi hupata theluthi moja ya umeme. Upande wa Tanzania umeme huo husafirishwa hadi Nyakanazi.

Uchumi na changamoto

Wakazi wa eneo hili ni wakulima wa ndizi, maharage, mahindi na kahawa. Benaco yenyewe huishi pia kwa wasafiri: kuna nyumba za kulala wageni, mama lishe, gereji, vituo vya mafuta na bodaboda. Kwa sababu hiyo, kila foleni ni hasara kwa mwenye mzigo lakini ni mauzo kwa mama lishe. Malori yakipita haraka, bei ya bidhaa Kigali inaweza kushuka, lakini biashara ya mji wa njiani inaweza kupungua.

Suala hilo linahusu pia reli. Mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali kupitia Rusumo. Treni moja hubeba mzigo wa malori mengi na hupunguza uharibifu wa lami, lakini haisimami kila mji. Faida kwa wenyeji itategemea kama kutakuwa na stesheni na maghala ya kupakia mazao ya Ngara na Karagwe, badala ya mizigo ya wengine kupita tu.