Kasiki Zilizozikwa za Kakheti

Katika nchi ya Jojia, iliyo kusini ya milima ya Kaukazi na mashariki ya Bahari Nyeusi, mgeni akiingia katika nyumba ya mkulima wa zabibu wa jimbo la Kakheti na kuomba aonyeshwe mvinyo, huenda asipelekwe kwenye mapipa wala kwenye chupa zilizolazwa rafuni, bali akaingizwa katika banda ambamo hakuna cha kuonekana sakafuni ila vifuniko vya mawe vilivyotapakaa. Chini ya kila kifuniko kuna kasiki kubwa ya udongo, yenye umbo la yai, iliyozikwa mpaka shingoni, na humo ndimo mvinyo ulimo. Wenyewe huiita kasiki hiyo qvevri, na banda huliita marani, nalo kwa desturi yao huhesabiwa kuwa mahali patakatifu kuliko pote nyumbani.

Kazi yenyewe si ya siri. Zabibu huchumwa mwezi wa Septemba na Oktoba, katika msimu uitwao rtveli, ambapo jamaa waliotawanyika mijini hurejea vijijini kuwasaidia wazee wao. Hukanyagwa kwa miguu ndani ya hori refu lililochongwa kwa gogo. Kisha maji yake, pamoja na maganda, kokwa na aghalabu vikonyo, humiminwa katika kasiki yakaachwa yachachuke, huku mwenye nyumba akiyakoroga mara kadhaa kwa siku. Mchachuko ukitulia, kasiki hufunikwa na kuzibwa, na haifunguliwi mpaka ipite miezi mitano au sita. Ardhi ndiyo inayohifadhi ubaridi, umbo la yai ndilo linalozikusanya kokwa kitakoni, na nta ya nyuki iliyopakwa ndani ndiyo inayouzuia mvinyo usivuje. Na zabibu nyeupe zilizopitia njia hiyo hutoa mvinyo wenye rangi ya kaharabu na ukavu wa kukamata ulimi, ambao mgeni asiyeelezwa lolote hakosi kudhani kwamba umeharibika. Faida ya urithi huanza hapo hapo, kwa kuwa maelezo ya mwenye nyumba ndiyo yanayoigeuza kasoro hiyo kuwa sifa.

Wanachuoni waliochimbua vilima vya Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, kusini ya mji mkuu wa Tbilisi, walitangaza mwaka 2017 kwamba vigae vya huko vilikuwa na athari za mvinyo wa zabibu wa tangu miaka ipatayo 6000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Na UNESCO ilikuwa imekwisha kuutia ufundi wa qvevri katika orodha yake ya urithi wa wanadamu mwaka 2013. Tangu hapo nchi haikuchoka kujisifia miaka yake elfu nane, na nani atailaumu? Lakini si umri uliowaleta wageni, ni dhiki. Katika zama za Kisovieti viwanda vya dola vilitengeneza mvinyo kwa wingi, kwa aina chache tu za zabibu, ilhali nchi ina aina zake za asili zaidi ya mia tano, na kasiki zikabaki majumbani kwa matumizi ya jamaa. Mwaka 1985 kiongozi wa Kisovieti, Gorbachev, alipoupiga vita ulevi, mizabibu mingi iling'olewa. Kisha mwaka 2006 Urusi, iliyokuwa ikinunua sehemu kubwa ya mvinyo wa Jojia, iliupiga marufuku, na mlango ukakaa umefungwa mpaka 2013. Wauzaji wakalazimika kutafuta wanunuzi wa mbali, nao hao waliuliza swali jingine kabisa: mna nini kisichopatikana Ufaransa wala Italia? Jawabu walikuwa wakilikanyaga kila siku.

Hata hivyo kasiki ni nusu tu ya jambo, na nusu ya pili ni karamu iitwayo supra, ambamo hakuna anywaye ovyo. Huteuliwa mkuu wa karamu, tamada, mtu mwenye ufasaha na kumbukumbu, na kifua cha kustahimili kinywaji bila kupotewa na akili, naye ndiye anayefungua kila duru kwa hotuba: ya amani, ya nchi, ya wazazi, ya marehemu, ya watoto, ya mgeni aliyehudhuria. Akisha kusema, huweza kumpokeza mwingine ayaendeleze maneno juu ya jambo lile lile. Aliyelelewa katika baraza zetu za pwani, ambako neno huzungushwa kwa zamu na mzee hakatizwi, hatajiona mgeni sana pale, kinywaji kando. Na kati ya duru na duru huimbwa, kwa sauti tatu zinazopishana, nyimbo za aina ambayo UNESCO iliitukuza mwaka 2001. Mmojawapo, Chakrulo wa Kakheti, umo katika santuri iliyopelekwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977.

Mvinyo wa Jojia mtu anaweza kuununua kwao asisafiri. Anacholipia msafiri huko Jojia ni idhini ya kuketi katika jambo ambalo lingefanyika hata asingekuja. Kwa hiyo supra inayokatwa ikawa ya saa moja, ili basi liwahi kituo cha pili, huku tamada akiyakariri maneno aliyowaambia wageni wa jana, ni mchezo wa jukwaani, na si vibaya kuuuza kwa jina hilo.

Wafinyanzi wa kasiki hawana hila ya namna hiyo hata wakiitaka. Katika vijiji kama Vardisubani cha Kakheti na Makatubani cha Imereti, fundi hupandisha ukuta wa kasiki kidogo kidogo, akingoja pa chini pakazane kabla ya kuongeza pa juu, hata kasiki moja kubwa ikamchukua wiki kadhaa, na baadaye huja siku za kuichoma. Mafundi hao ni wachache. Iliwasaidia kwamba watengenezaji wa nje, kama Josko Gravner wa Italia, walianza mwanzoni mwa karne hii kuagiza kasiki zao.

Kwetu Tanzania mizabibu iko Dodoma, iliyoletwa na wamisionari wa Kiitaliano Bihawana katika miaka ya 1950, nayo huvunwa mara mbili kwa mwaka, neema ambayo mkulima wa Kakheti angeionea kijicho. Mapokeo ya kale ya mvinyo hayapo pale, na ingekuwa upuuzi kuyabuni. Lakini wapo Wagogo, wenyeji wa huko, wenye ngoma ya muheme wanayoipiga wanawake, wenye zeze, na ala ya ilimba ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha katika majukwaa ya dunia, na wenye nyimbo za sauti nyingi zisizoona haya mbele ya zile za Kakheti. Atakayetaka kuwakaribisha wageni katika mashamba ya Dodoma na aanzie hapo.

Atauliza msomaji ambaye dini yake imemharamishia kileo: mimi nina nini huko Jojia? Ana mkate wa shoti unaobandikwa katika tanuri la udongo. Ana churchkhela, ambazo ni jozi zilizotungwa katika uzi, zikachovywa katika maji ya zabibu yaliyochemshwa pamoja na unga, zikaning'inizwa zikauke. Ana kanisa kuu la Alaverdi la karne ya 11, na watawa wanaotumia kasiki mpaka leo. Ana mfinyanzi, ana waimbaji, ana mavuno yenyewe, ambamo mikono ya ziada haikataliwi. Mvinyo ukiondolewa katika ratiba ya mgeni, ingali inabaki safari ya siku tatu au nne.