Riwaya ya upelelezi isikuibie usingizi

Umeanza kumsoma Joram Kiango wa Ben Mtobwa saa 3 usiku. Unakuja kushtuka ni saa 8, moyo unakwenda mbio. Usishangae. Hatari ya kitabuni nayo huamsha mwili, na usingizi hukimbia.

Mzazi, usimnyang'anye mwanao kitabu. Kusoma kuna faida, ila kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Mzoeshe kuishia katikati ya sura, palipotulia. Mwisho wa sura ndipo mwandishi alipotega mtego.

Ukikosa usingizi angalau siku 3 kwa wiki, kwa miezi 3, hata usiposoma, tatizo si riwaya. Muone daktari.