Gari Lililozimwa Linalia Nini?



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo dogo lililokaribia kumkosesha mzee mmoja riziki yake. Jambo lenyewe ni sauti inayotoka kwenye gari lililoegeshwa. Injini imezimwa, milango imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa dereva, na bado gari linalia. Linalia nini? Na je, mtu asiye fundi anaweza kujua?

Mwaka 1999 nilikuwa safarini katika nyanda za juu za Kigoma. Tulikuwa wawili, mimi na dereva, ndani ya Land Cruiser kuukuu ya dizeli. Jioni moja tulifika Kibondo. Kabla ya giza kuingia tulinunua magunia mawili ya maharage na madumu manne ya asali, tukavipanga nyuma ya gari, tukaliegesha uani kwenye nyumba ya wageni. Mlinzi, mzee aliyefunga koti lake kwa kamba kiunoni, alitukaribisha na kutuambia tulale bila wasiwasi.

Saa nane za usiku baridi iliniamsha. Nikasikia nje: tiki-tiki-tiki-tiki. Sauti ndogo, kavu, yenye kasi kuliko saa ya ukutani. Nikajiambia kuwa ni gari linapoa, nikavuta blanketi.

Asubuhi gari halikuwaka. Betri ilikuwa imekufa kabisa, na sauti ile haikuwepo tena. Pale pale dereva akamgeukia mlinzi: "Mzee, umekesha unasikiliza redio ya gari langu." Mzee akakana. Alisema hana ufunguo na wala hakuligusa gari, ila gari lenyewe lilikuwa linatafuna kitu usiku kucha. Watu waliokuwa uani wakaangua kicheko. Dereva akasema mlango wa gari kuukuu kama lile hufunguliwa hata kwa mpini wa kijiko. Mwenye nyumba ya wageni hakucheka. Alisema mlinzi anayechezea mali za wageni hamfai, na kwamba wangezungumza tukishaondoka.

Nami, ndugu msikilizaji, nilikuwa nimesimama pale na mswaki mkononi. Sauti ile nilikuwa nimeisikia, lakini sikusema. Niliona haya kukiri mbele ya watu kwamba mimi pia nilisikia gari likitafuna. Tukalisukuma mteremkoni, likawaka, tukaondoka.

Toka Kibondo hadi Kasulu ni zaidi ya kilomita 100, na siku zile ilikuwa ni vumbi jekundu na msitu. Barabara ile ilikuwa na sifa mbaya ya majambazi, kwa hiyo dereva hakuthubutu kuzima injini hata mara moja. Tulipofika Kasulu aliapa kwamba usiku huo hakuna mtu atakayeigusa betri yake. Akalala ndani ya gari.

Saa tano za usiku alinigongea dirisha. "Bwana, amka. Gari linahesabu."

Tulipotoka tukawakuta wageni wengine wamekwisha amka. Tiki-tiki-tiki-tiki. Mmoja akatamka neno bomu. Msishangae. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu tarehe 7 Agosti 1998, siku ambayo mabomu yaliyopakiwa kwenye magari yalilipuka kwenye balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi. Mwingine akauliza ni wageni gani walionekana wakipita pale mchana. Sote tulijua anawasema akina nani. Vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993 na vile vya Kongo vya mwaka 1996 vilikuwa vimewaleta wakimbizi kwa maelfu katika wilaya hizi mbili, kwenye kambi kama Nyarugusu kule Kasulu, na Mtendeli, Nduta na Kanembwa kule Kibondo. Kwa hiyo kila kilichoibiwa, na kila kisichoeleweka, kilitafutiwa mwenyewe miongoni mwao.

Dereva hakungoja mjadala. Alifungua boneti, akachomoa waya wa betri. Sauti ikakata papo hapo. Alipogusisha waya tena, ikarudi. Hapo ndipo uchunguzi wetu ulipoanza, na hapa naomba nikisimamishe kisa kidogo nieleze mambo yenyewe yalivyo.

Ndugu msikilizaji, gari lililoegeshwa linaweza kutoa sauti za namna nyingi, lakini kwa tabia zake unaweza kuzipanga katika mafungu matatu: sauti inayochoka, sauti isiyochoka, na sauti inayokusikia.

Sauti inayochoka ni ya joto. Chuma kikipata moto hurefuka, kikipoa hujikunja. Chuma cha kawaida cha urefu wa mita moja hurefuka kama sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Ni kidogo mno, lakini chukua bomba la moshi lenye urefu wa mita 3, ulipashe kwa nyuzi 300: litakuwa limerefuka kwa karibu sentimita moja nzima. Ukizima injini, bomba hilo linataka kurudi lilivyokuwa, ila limeshikwa na vikamatio na nati. Hung'ang'ana, kisha huachia ghafla, na kila linapoachia hulia "tik". Kwa kuwa kitu cha moto hupoa haraka mwanzoni na polepole baadaye, milio hufuatana upesi, kisha inaachana, kisha inaisha. Katika miji ya juu kama Kibondo na Kasulu, iliyoko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku huifanya milio hii isikike vizuri sana. Humo humo weka maji yanayogugumia kwenye rejeta, na feni ya umeme ambayo katika magari mengi huendelea kuzunguka kwa dakika chache baada ya kuzima. Zote hizi huchoka zenyewe. Saa moja ikipita, gari kimya.

Hapo ndipo nilipokosea Kibondo. Tuliegesha saa moja jioni. Saa nane za usiku, yaani baada ya saa saba, hakuna bomba linaloendelea kupoa. Ningehesabu masaa kabla ya kuvuta blanketi, ningejua.

Sauti isiyochoka ni ya umeme au ya upepo. Ya upepo utaikuta hasa kwenye malori: "sssss" nyembamba chini ya tela. Huo ni upepo wa breki unaovuja. Malori mengi ya siku hizi yana springi zinazofunga breki za nyuma pale upepo unapokwisha, kwa hiyo asubuhi lori hukataa kuondoka mpaka upepo ujae. Lakini yapo malori ya zamani ambayo upepo ukiisha, na breki ya mkono ikiwa mbovu, hakuna kinacholishika. Ukisikia mvujo kwenye lori lililoegeshwa mteremkoni, usiruhusu watoto wacheze mbele yake, na weka gogo au jiwe kubwa kwenye matairi kabla ya kwenda kumtafuta fundi.

Ya umeme hupimwa kama alivyofanya dereva wetu. Chomoa waya wa betri, ule wa hasi kwanza. Sauti ikikata, ni ya umeme. Urudishe, kisha chomoa fyuzi moja moja huku mwenzako akisikiliza. Fyuzi itakayoinyamazisha ndiyo itakayokuonyesha njia. Ila ujue kwamba si kila sauti ya umeme ni ugonjwa. Baadhi ya magari ya kisasa ya petroli hujipima yenyewe saa kadhaa baada ya kuzimwa, kuona kama mvuke wa mafuta unavuja, na pampu ndogo hunguruma kwa muda mfupi kisha ikanyamaza. Tofauti ni kwamba hiyo hukoma. Inayokesha ndiyo inayokula betri.

Sauti inayokusikia ni ya kiumbe. Ukisogea inanyamaza, ukienda zako inaanza tena. Huyo mara nyingi ni panya, naye ni adui mkubwa kuliko anavyoonekana, kwa sababu hutafuna ngozi ya waya. Gari linalolala na nafaka ndani humwalika. Au ni paka aliyefuata joto la injini, na huyo mgongee boneti kabla hujawasha, usije ukamwua. Kiumbe mmoja tu hanyamazi ukimsogelea: nyuki. Kibondo na Kasulu ni nchi ya asali, na kundi la nyuki linalohama linaweza kutua kwenye tairi la akiba au ndani ya bodi. Ukisikia mvumo unaozidi jua linapopanda, usigonge wala usimwagie maji. Mara nyingi kundi la safarini hupumzika kwa saa chache au siku moja mbili, likaondoka lenyewe. Likikataa, mwite mrina asali.

Na ukiwa na sababu ya kweli ya kudhani ni bomu, usifanye kama sisi. Usiguse kitu. Waondoe watu, waite polisi.

Sasa turudi Kasulu. Asubuhi tulilipeleka gari kwa fundi mmoja mwenye gereji chini ya mwembe. Tukateremsha mizigo yote ili apate nafasi. Akaunganisha betri. Kimya. Akatikisa gari. Kimya. Dereva akaanza kuapa kwamba usiku lililia, na watu waliokuwa pale wakaanza kutabasamu. Nikamkumbuka yule mzee na koti lake.

Fundi hakutabasamu. Aliuliza swali moja tu: "Lilipolia, lilikuwa limebeba nini?"

Tukarudisha magunia, tukarudisha madumu. Gunia la pili lilipotua sakafuni: tiki-tiki-tiki-tiki.

Fundi akachukua bisibisi ndefu, akalaza mpini wake kwenye mfupa wa sikio, akawa anagusisha ncha hapa na pale chini ya gari. Ni kipimo cha daktari hicho hicho. Mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaiweka kifuani mwa mgonjwa, akausikia moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu. Bisibisi hufanya kazi kama hiyo, kwa kuwa chuma huifikisha sauti bila kuiacha itawanyike hewani. Mahali ambapo sauti ni kali kuliko kwingine, hapo ndipo penye mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa pampu ndogo ya umeme. Gari lile lilikuwa na tangi la ziada, na pampu hiyo iliwekwa ili kuhamishia dizeli kwenye tangi kubwa. Aliyeifunga, sijui ni nani, aliivutia umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri bila kupitia swichi ya ufunguo. Swichi yake yenyewe ilikuwa kwenye waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, na waya huo ulipita chini ya sakafu, juu kabisa ya ukingo wa chesisi. Barabara mbovu ziliuchubua ngozi. Gari likiwa tupu, waya haukugusa kitu. Likibeba mzigo mzito nyuma, bati la sakafu linabonyea, waya unabanwa kwenye chuma, na pampu inaanza kufanya kazi bila kuamriwa na mtu. Tangi la ziada lilikuwa tupu, basi ikawa inapampu hewa usiku kucha. Injini ikiwaka huwezi kuisikia.

Na betri? Pampu kama ile hula karibu ampea moja hadi mbili. Kwa masaa 12 ni hadi ampea-saa 24. Betri mpya ya ampea-saa 70 ingestahimili, ila yetu ilikuwa imezeeka, na injini ya dizeli asubuhi ya baridi inadai nguvu nyingi. Fundi alikata waya, akaupitisha kwenye mpira mbali na chesisi, akafunga fyuzi, akauunganisha kwenye swichi ya ufunguo. Kazi ya saa moja.

Siku tatu baadaye tulirudi kwa njia ile ile. Tulipofika Kibondo, langoni alikuwa kijana tusiyemjua. Mzee alikuwa amekwisha ambiwa abaki nyumbani. Dereva hakuingia hata kunywa chai. Alimwita mwenye nyumba, akamlaza chini ya gari, akamwonyesha waya. Kisha tukaongozwa hadi kwa mzee, tukamkuta anapukuchua mahindi. Dereva alichuchumaa mbele yake kama mtoto mbele ya baba, akaomba radhi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, nilikwambia linatafuna." Kesho yake jioni alikuwa langoni.

Nami nilimwambia langu: kwamba usiku ule nilisikia, nikanyamaza. Alinitazama kwa muda kabla ya kunijibu. Akasema, "Basi tulikuwa wawili."

Maneno hayo ninayo mpaka leo. Mashine haimsingizii mtu. Hutoa sauti ile ile kwa sababu ile ile, na ukiirudishia hali ileile itarudia. Mtu ndiye anayekimbilia kutafuta mkosaji kabla hajahesabu masaa. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, gari likikulilia usiku, uliza kwanza: inachoka, haichoki, au inanisikia? Na kama wewe pia umeisikia, sema.

Kwa leo ni hayo. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.