Senti Imeanguka: Namna Waingereza Wanavyosema « Nimefahamu »



Siku moja nilipewa kazi ya ukalimani. Padri mgeni, msemaji wa Kingereza, aliwahubiria wakatekista wetu mafungo. Alieleza namna alivyokaa miaka mingi pasipo kusemezana na ndugu yake, kumbe kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alipofika mahali pa kulitambua kosa lile, alisema: « The penny dropped. » Nami kwa haraka nikageuza: « Senti ikaanguka. » Mzee mmoja akainama kutafuta chini ya benchi. Wengine wakacheka, na neno zito kupita yote katika hotuba ile likapotea. Ndiyo sababu naandika haya.

Penny ni feza ndogo ya Waingereza. Mpaka mwaka 1971, penny 240 zilifanya pound moja. Mwisho wa karne ya 19 walianza kuwa na mashini za kuuzisha vitu pasipo muuzaji. Ile ya Percival Everitt, huko London mwaka 1883, iliuza kadi za posta. Mtu anatia senti katika tundu. Ikikwama, hapati kitu. Ikianguka ndani, mashini inafanya kazi. Akili nayo ni vile: neno umekwisha kulisikia, limekwama, halafu gafula linaanguka mahali pake. Wabelgiji wanaosema Kiflamand wana usemi kama huo, lakini kwao inayoanguka ni faranga. Kwa Kiswahili, acha feza yote, sema tu: « Hapo ndipo nilipofahamu. »

« The scales fell from my eyes » watoka katika Matendo ya Mitume, sura ya 9. Jihadhari, kwani « scales » ni magamba, tena ni mizani. Frateri asiyefungua Biblia ataangusha mizani machoni pa watu! Kwa Kigriki ni « lepides », magamba kama ya samaki. Tena tazama vema: wengi wanazani magamba yalianguka njiani. Sivyo. Njiani Saulo alipigwa na mwanga, akakaa siku tatu pasipo kuona. Magamba yalianguka mjini Damasko, Anania alipomwekea mikono. Waingereza wakitaja njia ya Damasko, wanafikiri jambo la dakika moja. Mt. Luka aliandika siku tatu.

Kwa jambo la polepole wanasema « it dawned on me », ndiyo kusema kulinipambazukia. Anayekaa kando ya ziwa Tanganyika anajua: alfajiri unasikia kwanza sauti za wavuvi wa ndakala, halafu unaona kivuli cha mtumbwi, mwisho uso wa mtu. Usemi huu waweza kugeuzwa karibu neno kwa neno.

« It sank in » ni kingine. Mtu ameletewa habari ya kifo, ameisikia, hata kuandaa mazishi ameandaa, lakini moyo haujaipokea bado. Baada ya siku nyingi inazama ndani, kama mvua katika udongo mkavu. Ukisema « ilizama » tu, watafikiri mtumbwi. Sema: « Imeniingia moyoni. »

Mt. Marko, sura ya 8, anaeleza kipofu wa Betsaida aliyewekewa mikono mara mbili, na mara ya kwanza aliona watu kama miti. Usemi wa Kingereza uliotoka katika fungu hilo sijakutana nao.